Jina Alilonyamazia Mtoto

Jumanne moja ya Mei 1995, saa nane mchana, mtoto wa Lynette alianza kulia akiwa mgongoni, na alipoteremshwa akapewa titi, aligeuza uso. Alikuwa na miezi mitano. Kilio hicho hakikuwa cha njaa wala cha usingizi, ambavyo Lynette alikuwa amekwisha kuvijua. Kilikuwa chembamba, cha juu, na kilikatika kidogo tu kabla ya kuanza tena.

Nyumba ya Lynette ilikuwa ya udongo na mabati, nyuma ya ile ya mama mkwe wake, Pascalia, mwendo mfupi kutoka soko la Shinyalu. Mumewe, Erastus, alikuwa akikata miwa upande wa Ekero na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, isipokuwa miezi ambayo hakuja. Kwa hiyo mtoto alipolia, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa Pascalia, na mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa Lynette.

"Umekula nini?" Pascalia aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta maharagwe.

"Mrenda ya jana, Mama."

"Mrenda haiumizangi mtoto. Na kabla ya mrenda?"

"Chai."

"Chai ya nini mchana?"

Lynette alisema mtoto alikuwa na joto.

"Joto ya kulia hiyo. Hata wewe ukilia hivyo utapata joto."

Jioni Lynette alienda dukani kununua dawa ya maji ya malaria. Mtoto aliitapika yote kwenye bega lake. Alimpa tena, kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, na mara hii akatapika pamoja na maziwa. Usiku kucha walilia kwa zamu, mtoto kwa sauti na mama yake kimya, kwa sababu kuta zilizowatenganisha na sikio la Pascalia hazikuwa nene.

Asubuhi Pascalia alikuja, akamlaza mtoto mapajani na kumpapasa utosini kwa kidole cha kati. Alifanya hivyo kila siku tangu mtoto azaliwe. Katika maisha yake alikuwa amezika watoto wawili wachanga walioharisha, na wote wawili utosi ulizama kwanza, ukawa kama kisima kilichokauka, kisha wakaenda. Tangu hapo hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kupapaswa mahali hapo.

"Weka kidole," alimwambia Lynette. "Unasikia?"

Lynette aliweka. Ngozi ilikuwa imetuna, na chini yake palidunda.

"Umejaa," Pascalia alisema. "Utosi ukizama ndio mtoto anaendanga. Huyu amejaa vizuri. Hana ugonjwa."

"Mbona analia, Mama?"

Pascalia alimrudishia mtoto. "Hilo ndilo nakuuliza wewe uliyempa jina."

Jina lilikuwa ni Brian. Lynette alilichukua kwa mtoto wa mwalimu mkuu wa shule aliyosomea, mvulana aliyevaa soksi nyeupe hata siku za matope na aliyeruhusiwa kujibu maswali bila kusimama. Hakuwahi kuzungumza naye. Alipojifungua, Erastus alikuwa Ekero, muuguzi akauliza jina, na hilo ndilo lililokuwa tayari mdomoni. Tangu siku hiyo Pascalia alimwita mtoto "huyu", au "mgeni", au, akiwa na watu, "Brayani wa mama yake".

* * *

Alhamisi asubuhi Selpher aliitwa. Alikuwa dada ya marehemu mume wa Pascalia, shangazi yake Erastus, na nyumbani hapo kila mtu alimwita Senje. Senje ndiye aliyekuwa na neno katika mambo ya majina. Alifika na mwavuli mweusi, akaondoa matope kwenye viatu kwa kijiti, akamsikiliza mtoto kwa muda kama mtu anayesikiliza redio.

"Analia tangu lini?"

"Tangu juzi," Lynette alisema.

"Na mnamwita nani?"

"Brayani," Pascalia alijibu kabla ya Lynette.

"Huyo Brayani ni nani?" Selpher aliuliza. "Amezikwa wapi?"

Pascalia alicheka. Lynette alitazama chini. Ni kweli kwamba Brian aliyemjua alikuwa hai, na mara ya mwisho aliposikia habari zake alikuwa amejiunga na chuo cha ualimu.

"Mtoto wa Mwisukha hawezi kulia kwa Kizungu," Selpher aliendelea, akiketi kizingitini. "Kuna mtu anataka kurudi na nyinyi mmemfungia mlango. Mukhana, msichana wangu, kaa hapa. Mshike aangalie nje."

Lynette alikaa. Alijua desturi hiyo. Hata kwao ilifanywa, na yeye mwenyewe alipewa jina la bibi yake kwa njia hiyo kabla ya kanisa kumpa la Lynette. Mtoto akilia bila kukoma, majina ya wafu wa ukoo hutajwa moja moja, na lile analolinyamazia ndilo lake. Hakuona ubaya. Kama kungekuwa na jina la kumnyamazisha mtoto huyu, angelipokea hata likiwa la adui.

Selpher alianza na wazee. "Ingosi," aliita, akangoja. Mtoto alilia. "Shitanda." Mtoto alilia. "Muhati. Muhati, ni wewe?" Alipitia babu, ndugu za babu, na mmoja aliyekufa vitani nchi za mbali ambaye mwili wake haukuletwa. Wengine aliwaruka, kwa kuwa walijinyonga au walikuwa na mikono mirefu, na hakuna anayetaka mtoto wa namna hiyo. Pascalia alikuwa amesimama na ungo mikononi, hapepeti.

Kulikuwa na jina moja ambalo halikuwa limetajwa, na watu wazima wote pale walilijua. Lukalo alikuwa mwana wa mwisho wa Pascalia. Alifanya kazi kwenye lori la miwa na lori lilimwangukia, mwaka juzi, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya jiko na lilikuwa bado halijajengewa. Tangu azikwe, Pascalia hakulitaja jina lake hata kanisani.

Selpher aliomba maji, akanywa, akafuta mdomo.

"Lukalo," alisema.

Kilio kilikatika. Wote walingoja kianze tena, kama kilivyofanya kwa siku mbili, lakini hakikuanza. Kuku walisikika uani. Selpher alirudia jina, polepole zaidi, na mtoto akabaki kimya, mdomo wazi, macho yamefumba nusu.

Pascalia aliweka ungo chini, maharagwe yakamwagika, hakuyaangalia. Aliingia nyumbani kwake. Walimsikia akilia, na baada ya muda wakamsikia akicheka, halafu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyo na maneno.

"Umeona," Selpher alimwambia Lynette. "Kumbe alikuwa anabisha hodi tu."

Lynette aliona. Alihisi pia kwamba mtoto alikuwa mzito ghafla mikononi mwake, shingo ikilegea upande mmoja.

"Amelala," Selpher alisema. "Wacha alale. Safari yake ilikuwa ndefu."

* * *

Kulikuwa na masharti. Katika boma hilo, mtoto aliyechukua jina la marehemu havuki mto mpaka baba yake afike na jogoo achinjwe, ili mwenye jina ajue amekaribishwa na asirudi alikotoka. Ujumbe ulitumwa Ekero. Ijumaa Pascalia alifua shuka, akavaa kitambaa safi kichwani, akakaa na mtoto barazani tangu asubuhi. Majirani walikuja kumwona. Mwaka mzima na zaidi walikuwa wameizoea baraza hiyo ikiwa tupu.

"Angalieni kidole hiki," Pascalia aliwaambia. "Kidole cha Lukalo hiki. Na hii paji. Mimi nilikuwa nayaona, nilikuwa naogopa tu kusema."

Lynette aliwapikia chai. Hakuwa amemwona mama mkwe wake akiwa na furaha tangu aolewe, na hakujua kwamba uso ule ungeweza kuwa mzuri. Kila aliposogea kumchukua mtoto ili amnyonyeshe, Pascalia alisema amwache kwanza. Aliporuhusiwa, mtoto hakushika titi. Maziwa yalidondoka kwenye shavu lake yakapita. Matiti ya Lynette yalikuwa yamejaa na kuuma, na alienda nyuma ya jiko, karibu na kaburi, akayakamua kwenye nyasi.

Wageni walipoondoka, alisema, "Mama, mtoto hajanyonya tangu jana."

"Lukalo hakuwa mlafi."

"Hata haniangalii."

"Amechoka. Wewe ulikuwa unataka anyamaze, amenyamaza."

"Nataka nimpeleke hospitali, Mama. Kakamega."

Pascalia alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Alipokuwa analia siku mbili hukutaka hospitali. Sasa amenyamaza ndio unataka?"

Maneno hayo yalikuwa kweli. Mtoto alipokuwa akilia, Lynette alifikiri juu ya hospitali, kisha akafikiri juu ya malipo ambayo watu walisema sasa yanatozwa kwa kila kitu, hata pamba, na akanyamaza.

"Usimvushe mto huyu," Pascalia alisema, bila ukali. "Lynette, nakuomba. Nimekuomba kitu gani tangu uje hapa? Erastus atafika Jumapili au Jumatatu. Tutachinja. Baada ya hapo umpeleke hata Nairobi."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Lynette alisema, "Sawa, Mama."

* * *

Jumamosi asubuhi alienda kisimani na jerikeni, mtoto mgongoni. Pascalia alikubali; kisima kilikuwa upande huu wa mto. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya njia kuwa ya utelezi na wanawake walikuwa wamepanga jerikeni zao kwa foleni. Jirani yake, Alice, alikuwa mbele.

"Kumbe Lukalo ameanza kuchota maji," Alice alisema. "Akiwa mzima hata kikombe hakuwa anashika."

Wanawake walicheka. Lynette naye alicheka kidogo, na katika kucheka huko alihisi kitu mgongoni. Mkono wa mtoto ulikuwa ukigonga mbavu zake, kwa mpigo ule ule, tena na tena. Alifungua leso, akamleta mbele. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vikiruka, na macho yalikuwa yamekwenda upande mmoja na kubaki huko. Kisha ikakoma.

Alitazama huku na huku. Alice alikuwa ameinama akikinga maji. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kupiga kelele, na wanawake wangemkimbilia. Wangemsindikiza wote nyumbani, kwa Pascalia, na Pascalia angemwomba tena kwa ile sauti. Alimfunga mtoto mgongoni.

"Alice, nishikie zamu," alisema.

"Unaenda wapi?"

"Narudi."

Alipanda njia ya upande wa pili, akavuka daraja la magogo, na hakugeuka. Barabarani alimkuta kijana mmoja mwenye baiskeli ya kubebea watu, jina lake Osiako, akifuta matope kwenye mnyororo. Alimwambia hospitali ya mkoa, Kakamega.

"Uko na pesa?"

"Nitakulipa nikirudi."

"Wanawake wa nikirudi nimebeba wengi," Osiako alisema. "Wote hawajarudi."

Lynette alifungua leso ya kiunoni, ile ambayo Erastus alimletea Krismasi, akamkabidhi. Ilikuwa bado na ugumu wa dukani. Osiako aliikunja vizuri, akaitandika kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia, akamwambia akalie. Njiani, kwenye mlima, alishuka wakaenda kwa miguu, na hapo tu ndipo alipouliza kama mtoto ni mgonjwa sana.

"Amenyamaza," Lynette alisema.

Osiako alimtazama mtoto, akapanda baiskeli tena kabla mlima haujaisha.

* * *

Daktari aliyewapokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuliza maswali bila kuinua uso.

"Ilianza lini?"

"Jumanne."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Aliinua uso. Alimlaza mtoto mezani, akajaribu kuikunja shingo yake mbele, shingo ikagoma. Akaweka vidole viwili utosini.

"Hii hamkuiona?"

"Tuliiona, Daktari. Tulidhani ni afya."

Daktari aliacha vidole vyake pale kwa muda. "Utosi ukizama ni ubaya, na ukituna hivi ni ubaya. Ngozi inayofunika ubongo imeshikwa na ugonjwa. Alipokuwa analia, kichwa kilikuwa kinamuuma. Mbona mlingoja?"

"Alinyamaza."

"Alinyamaza kwa sababu alizidiwa," daktari alisema, akaita muuguzi.

Walimtoa maji mgongoni kwa sindano. Maji hayo yalipaswa kuwa maangavu na yalitoka yenye ukungu. Lynette aliwekwa nje ya pazia na aliona miguu ya wauguzi tu. Alipoulizwa jina la mtoto alifungua mdomo na majina yote mawili yakaja. Alisema Brian. Alipoulizia malipo, muuguzi alimwambia mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kitanda wala matibabu, na kwamba hilo lilikuwa limeandikwa ukutani pale alipoingilia. Lynette alikuwa amepita hapo mbio.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vichache kuliko watoto. Alipewa nusu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya mwanamke wa Mumias, Ayesha, na binti yake wa miaka mitatu, Raisa, aliyeugua kifua. Mtoto wa Lynette alinyolewa upande mmoja wa kichwa ili sindano ya maji ikae kwenye mshipa. Kila baada ya saa sita muuguzi alikuja na sindano nyingine mbili. Mtoto hakulia alipodungwa. Lynette, ambaye siku tatu nyuma angetoa chochote anyamaze, alikaa akingoja kilio.

Saa ya kuona wagonjwa mlango ulifunguliwa na watu wakaingia na sufuria na chupa za chai. Kila kitanda kilipata mtu wake. Lynette alimfunika mtoto, akamfunua, akanyoosha shuka, ili aonekane ana kazi. Jumapili ilikuwa hivyo. Jumatatu pia.

"Wewe hauna watu?" Ayesha aliuliza. Mumewe, Jamal, alikuwa ameleta wali na kuku na kurudi kwenye duka lake.

"Niko nao. Wako mbali."

"Shinyalu ndiyo mbali? Mimi natoka Mumias." Alimsogezea sahani. "Kula, dada yangu. Kuku wa Mumias haulizangi mtu kanisa lake."

Ukutani juu ya kitanda palikuwa na bango lililofifia, watoto wa rangi mbalimbali wameshikana mikono kuizunguka dunia. Ayesha hakujua kusoma na alimwuliza Lynette limeandikwa nini.

"Kila mtoto, popote duniani, ana haki ya kupewa jina na ya kutibiwa."

"Haki ya jina? Wangu anayo manne, ya baba yake na mababu." Ayesha alitikisa kichwa. "Na mtoto mwenyewe walimwuliza?"

Lynette alilisoma tena lote, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji lililochapwa pembeni. "Hawakuandika," alisema.

* * *

Erastus alifika Jumatano, mikono bado myeusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza.

"Mama hali chakula," alisema.

Lynette alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi lakini si hayo. "Mtoto ameanza kunyonya leo asubuhi," alimwambia. "Kidogo."

Erastus alimtazama mtoto, upande ulionyolewa, plasta, mpira wa maji. Aliugusa mguu wake kwa kidole kimoja, akakiondoa akaona kimeacha alama nyeusi, akaifuta kwa shati.

"Anasema ulimtorosha kisimani. Jerikeni ilirudishwa na Alice. Kila mtu ameona Alice amebeba jerikeni yetu."

"Alikuwa anakufa, Baba Brian."

"Mama anasema ulimvusha mto bila jogoo. Anasema akifa sasa ni wewe." Alishusha sauti, kwa kuwa Ayesha alikuwa ameacha kutafuna. "Mimi sisemi hivyo. Nakuambia tu yeye anasema nini. Lynette, ulimwona Mama akiwa vile, na Lukalo?"

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona. Nilikuta amelala ameangalia ukuta." Alisoma kipande cha plasta kilichobandikwa kitandani. "Hapa ameandikwa Brian. Waambie waandike Lukalo. Nikimwambia Mama hivyo tu, atakula."

"Waambie wewe."

Alienda. Lynette alimwona akizungumza na muuguzi mezani, kofia bado mkononi, na muuguzi akimjibu huku akihesabu vidonge. Alirudi.

"Amesema nini?"

"Amesema hapa wanaandika mtoto aliyeletwa. Nikitaka kubadilisha niende kwa DC."

Ayesha alicheka, na Erastus akacheka naye, na kwa muda mfupi Lynette pia. Halafu Erastus aliweka mkate na pakiti ya maziwa juu ya kitanda. Shamba lilikuwa limechomwa jana, alisema, na miwa iliyochomwa ikikaa inapoteza uzito. Msimamizi alimpa siku moja tu. Aliondoka kabla saa ya wageni haijaisha.

* * *

Homa iliisha wiki iliyofuata. Mtoto alinyonya kwa nguvu, akaongezeka, akaanza kufuata kwa macho chochote kilichopita: kofia ya muuguzi, kivuli, shanga za Ayesha. Aliwachekea. Wauguzi walikuja kumtazama kwa sababu wengi waliofika katika hali ile hawakutoka hivyo.

"Huyu wako ana bahati," Ayesha alisema siku aliyoruhusiwa kwenda kwao. "Analala kama mzee. Wangu mtu akikohoa tu yuko macho."

Baada ya hapo Lynette alikuwa na kitanda kizima na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alizungumza na mtoto, kwa sauti ndogo, akimweleza watakavyorudi nyumbani na nani watamkuta njiani. Mtoto alipomwona mdomo ukisogea, alifurahi. Akigeuka kuangalia kwingine, Lynette alimaliza sentensi peke yake.

Siku ya kutoka, Pascalia alikuja. Aliingia na nguo yake ya kanisani, sufuria imefungwa kwa kitambaa kichwani. Alikuwa amekonda. Hakumsalimia Lynette moja kwa moja. Aliweka sufuria chini, akasema, "Jogoo hangengoja," na harufu ya ingokho, kuku wa kienyeji, ikajaa kati yao. Kisha akamsogelea mtoto, ambaye alikuwa amelala ubavu akitazama dirisha.

"Lukalo," aliita. "Lukalo wangu. Kukhu, bibi yako, amekuja."

Mtoto aliendelea kutazama dirisha.

"Ananinunia," Pascalia alisema. "Ananinunia kwa sababu sikuja." Alimzungukia upande wa dirisha, na mtoto alipouona uso wake alicheka kwa mwili mzima. Pascalia alimwinua, akamkalisha mapajani, akampapasa utosini kwa kidole cha kati. Palikuwa sawa, si juu wala chini. Alikiacha kidole hapo.

Daktari alikuja na faili. Alimkagua mtoto macho, shingo, miguu, akaandika. Kisha akamwomba bibi aendelee kumshika hivyo hivyo, asimtikise. Alichukua bakuli la chuma la dawa kwenye meza ya muuguzi, akaenda nyuma ya mtoto, akaliachia sakafuni.

Lynette aliruka. Kwenye kitanda cha tatu mtoto aliamka akaanza kulia, na mwingine akamfuata. Mtoto wa Lynette alikuwa akivuta kifungo cha nguo ya bibi yake.

Daktari aliokota bakuli, akasimama upande wa pili, akaliachia tena. Wodi nzima ilikuwa ikimtazama. Kifungo kilikuwa kigumu na mtoto alikitia mdomoni.

"Ugonjwa huu ukichelewa kutibiwa, mara nyingine unachukua masikio," daktari alisema. Alimwambia Lynette, lakini alikuwa akimtazama Pascalia. "Uhai tumeuwahi. Masikio hatukuyawahi."

"Yatarudi?" Lynette aliuliza.

"Kwa kawaida hayarudi. Mlete baada ya miezi mitatu tumpime tena. Kuna shule za watoto wa hivi, tutakuelekeza. Anza kuzungumza naye ukiwa mbele ya uso wake."

Daktari alipokwenda kitanda kingine, Pascalia alimtoa mtoto kifungo mdomoni, taratibu, akampa mama yake. Akanyoosha nguo. Akaiweka ile sufuria mezani bila kuifungua.

Muuguzi alikuja na kadi ya kurudi kliniki. "Huyu nimemsikia na majina mawili," alisema. "Baba alisema moja, mama moja. Kwenye kadi niandike lipi?"

Lynette alimtazama mama mkwe wake na kungoja. Hakuwa na nguvu ya kuligombania tena, angekubali lolote.

"Andika Brayani," Pascalia alisema. "Lukalo wangu alikuwa anasikia."

Muuguzi aliandika.